Kofia ya Kumi

Juzi, katika duka moja hapa Bungoma, nilifungua mkebe wa nta nyekundu ya sakafu nione kama umejaa kweli kabla sijabishania bei. Ile harufu ikanirudisha Kitale, magoti yakiuma. Ukumbi wa Wayahudi ulikuwa na sakafu ya mbao, na tulioisugua ni mama na mimi.

Usishangae, msomaji, Kitale ilikuwa na Wayahudi. Wazee wao walilima mahindi, wakajenga ukumbi wa kusalia, kufanyia arusi na kuchezea karata. Baadaye wakaanza kuondoka, huyu Nairobi, yule ng'ambo, hadi viti vikawa vingi kuliko watu. Viti sitini na vinne. Nilihesabu mara mbili.

Sala yao ya kuwaombea wafu ilitaka wanaume kumi, Wayahudi watupu. Akikosekana mmoja, haisomwi. Tena kuwahesabu watu kwa kidole ni mwiko, na hapo walielewana sana na mama, maana hata kwetu Kamukuywa watoto hawahesabiwi. Kwa hiyo mama aliweka kofia ndogo kumi katika kikapu mlangoni. Kila mwanaume aliyeingia alichukua moja. Kikapu kikibaki kitupu, wametimia.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya mwisho. Ukumbi ulikuwa umeuzwa, na leo ni ghala la mbolea. Mzee Yakobo, ambaye baba yake ndiye aliyeujenga, alitaka kumsomea baba yake ile sala mle ndani kabla ya kukabidhi funguo. Wanaume wakafika tisa, yeye akiwamo. Wa kumi angekuwa ndugu yake Daudi, aliyelima upande wa Kapsokwony. Walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi. Alikuwa ameandikiwa barua.

Tukangoja. Saa saba. Saa nane. Sisi tulikuwa na safari ya Bungoma kwa nyanya, na mama hakuweza kutoka kabla ya kufunga ukumbi.

"Mama, si waanze tu?"

"Waanze aje na kofia bado iko?"

"Na yule mama ameketi pale, si ni Myahudi?"

"Huyo ni dada ya Mzee Yakobo. Wanawake hawawekwi kwa hesabu."

"Sasa alikuja kufanya nini?"

"Nekesa, muulize yeye, bana. Mimi nashika funguo tu."

Saa tisa uvumilivu uliniishia. Mama alipotoka kuchota maji niliinyakua ile kofia, nikaisukuma ndani ya soksi, nikakisogeza kikapu mahali pa kuonekana vizuri.

Mzee Yakobo akakiona. Akakiinamisha, akapapasa ndani kwa vidole. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa.

"Daudi?" aliita. "Daudi, uko wapi? Ingia!"

Akatazama viti vya nyuma. Akatoka hadi barazani, tukamsikia akiita tena huko nje. Akarudi, akachungulia hata nyuma ya kabati la vitabu, kama mtu anayecheza na mtoto.

Dada yake ndiye aliyeiona soksi yangu imevimba. Akaikodolea macho. Nikaitoa kofia.

"Nilitaka muanze," nikasema.

Mzee Yakobo aliipokea, akaipangusa, akairudisha kikapuni. Wakangoja hadi saa kumi na moja. Daudi hakuja. Mzee akakunja karatasi yake ya sala bila kuisoma, akampa mama mkono, akaenda. Bungoma hatukufika siku hiyo, na kiboko nilikipata.

Kwa miaka mingi niliwakasirikia. Wanaume tisa wazima, dada yao, mama yangu na mimi, hao ni kumi na wawili, ati wanashindwa kumwombea marehemu mmoja! Hesabu gani hiyo? Nilidhani pia kwamba kosa langu lilikuwa kuificha kofia.

Siku hizi nina kaka yangu hukohuko Kitale ambaye hatusemezani, na mlango ukibishwa nageuka haraka kuliko ninavyopenda kukubali. Nilimpa yule mzee ndugu yake kwa muda wa kutembea hadi barazani, halafu nikampokonya. Angekuja Myahudi mwingine yeyote siku ile, sala ingesomwa, ndiyo. Lakini nadhani Mzee Yakobo angeisoma macho yakiwa kwenye barabara ya Kapsokwony.