Nailoni ya Kahawa Juu ya Boneti

Mimba yangu ya pili ilipokomaa, kila asubuhi niliamka nikisikiliza gari. Mume wangu aliliwasha kabla ya chai, nami nasubiri kitandani, mkono tumboni. Likinguruma sawasawa, nashusha pumzi. Likianza kukohoa na kutetemeka, injini inamisi, yaani silinda nyingine haziwaki, moyo unaniruka. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani, nikiwa nimepakiwa kwenye pikipiki, kabla hatujafika hospitali ya Vwawa. Safari hii daktari alisema uchungu ukianza tu niwahishwe, nifanyiwe upasuaji. Ndiyo maana tulinunua lile gari kuukuu.

Ugonjwa wake ulikuwa na hila. Asubuhi linamisi, mchana ni zima kabisa. Fundi alitoka Tunduma, akatufikia Hasamba jua likiwa la utosi, akabadilisha plagi, akalizungusha barabarani, akasema gari halina shida. Mume wangu akamwamini. Mimi nilimchukia fundi yule, maana kesho yake lilikohoa vilevile.

Mume wangu alilienzi gari lile kupita kiasi. Jioni akilirudisha, injini bado moto, alifunika boneti kwa nailoni tunayofunikia kahawa inayoanikwa vichanjani, akaifunga kamba pande zote ili ukungu usiingie. Nilimtania kwamba mimi mwenyewe hajawahi kunifunika hivyo.

Uchungu ulinianza asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mibuni. Nilibeba kitu kimoja tu, kitenge kipya cha kumpokelea mtoto. Mara ya kwanza tuliandaa kila kitu, kisha tukavigawa. Safari hii sikuthubutu kuandaa zaidi.

Gari liliwaka kwa shida, likafika kwenye kamlima ka hapo nje, likaishiwa nguvu. Mume wangu akafungua boneti, injini ikiwa inatetemeka, akawa anachomoa waya za plagi moja moja. Ukichomoa waya sauti ikabadilika, silinda hiyo inafanya kazi. Isipobadilika, ndiyo imekufa. Mbili hazikubadilika. Shoti ikampiga akaruka nyuma, na nilipoona anasita kuzigusa tena niliogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa nimemwachia yeye ujasiri wote.

Nilishuka, nikashikilia mlango mpaka uchungu ukapita. Ile nailoni alikuwa ameitupia kiti cha nyuma, na upande wake wa ndani ulikuwa umejaa matone. Nilibaki nikiikodolea macho. Kahawa ukiifunika ikiwa bado na joto la jua, usiku inatoka jasho, na asubuhi unaikuta imelowa, inanuka uvundo. Mama yangu angekufukuza kichanjani kwa kosa hilo. Na huyu bwana, aliyekulia kwenye kahawa, alikuwa analifanya kila jioni.

"Injini unaifunika ikiwa ya moto," nilimwambia. "Inatoka jasho. Fungua pale fundi aliposema moto wa plagi unagawanywa."

Alizima injini, akafungua kifuniko cha distributa. Ndani kulikuwa na maji, matone madogo madogo ambayo kufika mchana huwa yameshakauka. Akajipapasa akitafuta cha kufutia. Shati limelowa ukungu, tambara lake limejaa oili. Nikamnyooshea kitenge.

"Hiki ni cha mtoto," akasema.

"Futa."

Alifuta huku machozi yanamtoka. Nami nilikuwa nasema moyoni kwamba nimeshamwaga bahati ya mtoto wangu kwenye injini. Gari likawaka, likanguruma sawasawa, tukapanda. Kila alipobadilisha gia nilifumba macho.

Hospitali hawakunichelewesha. Nikiwa nimelala, nusu ya mwili imekufa ganzi, muuguzi alikiinua kile kitenge chenye madoa meusi akauliza kama kweli ndiyo nguo ya mtoto. Nikasema ndiyo, hatuna nyingine. Akakitandika tayari.

Kisha nikasikia kilio. Kilianza kwa kukatika, kidogo, kikanyamaza, kikajaribu tena, nami nikazuia pumzi kama asubuhi zote zile. Halafu kikashika, kikaendelea, mfululizo.