Saa Moja ya Kuitazama Bahari

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, maana mama aliniambia ofisini watu huvaa viatu vya kisigino. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kupanda juu ya stuli na kubandika uzi ukutani. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Tabora, na ukuta mmoja wote ulikuwa ramani ya nchi. Meneja, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia abiria, alinikabidhi kopo la pini na kibunda cha uzi mwekundu.

"Mwajuma," akasema, "hapa hatuuzi tiketi. Tiketi wanauza wale wapiga kelele huko nje. Sisi tunapanga safari. Kikundi kinakuja, kinakodi basi, kinataka kwenda na kurudi salama. Mambo yakiharibika, watanitukana mimi. Na mimi nitakutukana wewe."

"Ndiyo, Meneja."

"Vua hivyo viatu kabla hujavunjika shingo."

Nilivua, na sikuvivaa tena kazini mpaka nastaafu.

Ninyi vijana mnaopanga safari kwa kidole kwenye simu, hebu nisikilizeni kidogo. Zamani safari ilianzia kwenye uzi. Unabandika pini mahali basi litakapolala, tunaita kituo cha kulala, na pini nyingine mahali pa kula. Halafu kuna pini za kuchimba dawa, yaani basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kila mtu amalize haja yake arudi. Usicheke. Mpangaji asiyejua mahali penye vichaka vya kutosha kwa akina mama hajui kazi. Baada ya hapo unaweka mwanya, muda wa ziada kwa ajili ya pancha, mizani ya barabarani, mvua, na yule abiria ambaye hakosekani, anayesahau mkoba hotelini.

Somo la mwanya nililipatia Kaliua. Nilihamishiwa huko kuwa wakala, nikipokea abiria wanaoshuka kwenye treni ya Mpanda na kuwaunganisha na mabasi yetu. Loo! Treni ile ilikuwa na mambo yake. Leo inakuja asubuhi, kesho inakuja watu wameshakata tamaa na wameshatandika kanga chini. Mkuu wa kituo, mwanamume mpole mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, aliniambia, "Binti, ratiba ni ombi tu. Omba kwa adabu, kisha subiri." Nilimwona mvivu. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa ananifundisha kazi.

Niliporudi Tabora, Meneja alikuwa na ndoto mpya. Alitaka tuanze safari za pwani: Bagamoyo, Tanga, Pangani, siku kadhaa barabarani, watu wa bara wakaione bahari. Kwenye ramani Bagamoyo na Pangani zimekaa jirani kabisa, lakini basi letu lisingeweza kupita kando ya bahari, barabara ile ilikuwa mbaya. Ilibidi lirudi Chalinze, lipande mpaka Segera, ndipo lishuke tena Tanga. Nilikesha nao ule uzi. Na bahari yenyewe, kwangu mimi, ilikuwa ule ukanda wa bluu pembeni mwa ramani, mahali tulipobandika karatasi za ujumbe kwa sababu hapakuwa na miji.

Kikundi cha kwanza kilitoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wazee wa kigango cha Kikatoliki. Aliyekuja kuandikisha ni Mzee Maganga, mrefu, mkimya, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayepanga. Mimi sitaki kuogelea, wala sina haja na samaki. Nataka dada yangu aione bahari ikiondoka."

Nikaacha kuandika. "Ikiondoka kwenda wapi, mzee?"

Akakaa, akanieleza. Babu yake, jina lake Mihambo, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe ya ndovu begani kutoka huku kwetu Unyanyembe mpaka Bagamoyo, kwa miguu, akarudi hai. Aliporudi Kwihara aliwasimulia watu kwamba kule kuna maji yasiyo na ng'ambo, na maji hayo huinuka yakaenda zake, yakaacha vyombo vimelala ubavu kwenye matope, kisha yakarudi yenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Maji yanayotembea! Mihambo hakukubali kulibadilisha neno lake, na wao hawakukubali kuliamini. Tangu hapo, kukiwa na kesi ya mpaka wa shamba au ya ng'ombe aliyepotea, ushahidi wake ulikuwa haupokelewi. Alikufa akiitwa Muongo.

"Sasa mke wa mwanangu ni mjamzito," Mzee Maganga akasema. "Nataka mtoto arithi jina la babu. Lakini kwetu anayetoa majina ni dada yangu mkubwa, Nyamizi, na yeye amekataa. Anasema jina la muongo hampi mtoto. Na mimi ni mzee, mwanangu. Nikiondoka bila kulirudisha jina hilo, limekwisha."

"Si mngemwuliza mwalimu wa shule? Mambo ya kujaa na kupwa yamo vitabuni." Hata mimi niliyakariri kwa ajili ya mtihani, nikayaacha kwenye chumba cha mtihani.

"Mwalimu alikuja nyumbani akamweleza. Dada akamwuliza, 'Wewe umeiona?' Mwalimu akasema hajaiona. Dada akamwambia, 'Basi kunywa uji wako.'"

Nilimpelekea Meneja habari hiyo. Nikamwomba tulale Bagamoyo, tuwape siku nzima. Akanitazama kama niliyeomba ndege.

"Mwajuma, bahari ipo palepale tangu dunia iumbwe. Wape saa moja waitazame, wapige picha, basi liondoke. Tanga tumeshaweka vyumba."

"Na ikiwa haijaondoka kwa saa hiyo moja?"

"Bahari siyo mbuzi, useme inatoka kwenda malishoni. Andika saa moja."

Nikaandika.

Tulisafiri wote, Meneja mwenyewe kiti cha mbele, mimi nyuma yake na karatasi zangu. Tulipita Manyoni, tukapita Ugogo ambako wapagazi walikuwa wakililia maji, na kila nilipochungulia dirishani nikaona pori lisilokwisha, nilimwaza yule Mihambo na pembe yake begani. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye viti vya sponji na bado tunalalamika migongo. Bibi Nyamizi peke yake hakulalamika. Alikuwa mwembamba, ameketi wima, mkoba mapajani, na kila Meneja alipotangaza tumefika mahali fulani aliitikia, "Naona," kana kwamba anahakiki.

Tuliingia Bagamoyo asubuhi. Basi likasimama karibu na soko la samaki, tukashuka, tukapita kati ya nyumba, na mara nyumba zikaisha.

Wallahi nawaambia, nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, lakini nilimwita mama yangu kwa sauti. Ule ukanda wangu wa bluu ulikuwa umeamka. Ulikuwa unapumua. Ulijaa kutoka miguuni petu mpaka mahali mbingu zinapoinamia, na haukuwa na upande wa pili wa kushikilia macho. Wazee wa kigango walivua kofia mmoja baada ya mwingine. Mmoja akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti ndogo.

Lakini maji yalikuwa yamejaa tele, yamekaa. Bibi Nyamizi aliyatazama muda mrefu.

"Ni mengi," akasema. "Hapo Babu hakudanganya. Lakini yapo, hayajaenda popote."

"Dada, ngoja kidogo."

"Nangoja, Maganga."

Tukangoja. Ukikodolea macho bahari huioni ikisogea, sawa na mshale wa saa. Saa yetu moja ikaisha, dereva akapiga honi. Bibi akajifunga vizuri kitenge chake akageuka, bila hasira, kama mtu aliyemaliza shughuli. Mzee Maganga hakugeuka. Alikuwa amesimama kofia mkononi, ameyakazia macho maji, na nilipomwona hivyo moyo uliniuma vibaya sana.

Nikamfuata Meneja. "Tuwaongezee muda."

"Muda wa kutoka wapi? Kuna mizani, kuna Segera, na dereva haruhusiwi kuingia Tanga amechoka. Pandisha watu."

Hapo karibu alikaa mama mmoja anauza samaki wa kukaanga, Bi. Tabu, Mzaramo wa watu, mnene, mcheshi. Tangu tushuke alikuwa anatuchokoza, "Wanyamwezi mmekuja tena! Mara hii pembe mmeficha wapi?" Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana, atachukua kitu chako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako na ya kabila lako zima. Wazo likanijia. Nikamwinamia nikamweleza yote, habari za babu, jina, na dada mtu.

"Inapwa saa hizi," akasema. "Imeshaanza. Mchana mtatembea pale zilipo mashua zile."

"Basi linaondoka sasa hivi, mtani."

"Linaondoka?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Kwa ruhusa ya nani?"

Akainuka na unene wake wote, akapanda basini, akachomoa ufunguo mbele ya dereva, akautumbukiza kifuani. Kisha akashuka akarudi kukaa kwenye ndoo yake.

"Wanyamwezi, sikilizeni! Mgeni hamtangulii mwenyeji. Bahari ikiondoka kwanza, nanyi mtaondoka."

Meneja akaja mbio. "Mama, ufunguo!"

"Njoo uuchukue, mtani wangu. Unauona ulipo."

Soko zima likaangua kicheko. Meneja akawatazama wazee wa Kwihara waliokuwa wanamtazama yeye. Yeye mwenyewe Mnyamwezi wa Igunga, angefanya nini? Akacheka kwa shida, akaagiza samaki, akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya kitambaa.

Na bahari ikaondoka.

Kwanza mchanga wenye maji ukaonekana mbele yetu, upana wa mkeka. Kisha upana wa kiwanja. Wazee wakaanza kuonyeshana kwa fimbo. Maji yalirudi nyuma pasipo mtu kuyafukuza, kimya kimya, yakiacha vidimbwi na kaa wadogo wanaokimbia upande, na sisi tukayafuata hatua kwa hatua. Ikafika mchana, zile mashua zilizokuwa zinaelea zikaanza kuinama. Moja ikalala ubavu kwenye matope. Halafu ya pili.

Bibi Nyamizi alikuwa mbele ya wote, viatu mkononi, matope mpaka vifundoni. Alikwenda mpaka kwenye mashua iliyolala, akaishika ubavuni kwa kiganja, akaigonga kidogo, akaigonga tena. Sisi wengine tulibaki nyuma.

"Maganga," akaita. "Alisema vimelala ubavu?"

"Alisema hivyo, dada."

"Alisema mpaka anakufa?"

"Mpaka anakufa."

Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejificha. "Tulimcheka," akasema. "Alikuwa ananibeba mgongoni ananisimulia, na mimi mtoto mdogo namcheka." Mzee Maganga akaenda akasimama naye, wakashikana mikono pale matopeni, na mimi sioni haya kuwaambia kwamba nililia, na Meneja alikuwa anajifuta uso akisingizia moshi wa samaki.

Hatukulala Tanga. Bi. Tabu alirudisha ufunguo kwa sharti kwamba kila mmoja wetu ale kwake, na vyumba tulipata mjini hapohapo. Asubuhi tukaenda kutazama, maji yamerudi, mashua zinaelea. Kisha tukaendelea na safari, Tanga na Pangani, ambako wazee walivuka mto kwa pantoni na kurudi kwa raha tu.

Tangu siku ile safari za pwani tulizipanga kwa maji. Kabla sijabandika pini nilimpigia simu Bi. Tabu, anitukane kwanza, kisha aniambie maji yatajaa lini na yatapwa lini. Meneja alipostaafu akaja Mkurugenzi, mama msomi, mkali wa nidhamu, akauliza huyu Tabu ni mfanyakazi wa idara gani. Nikamweleza. Akasema, "Mpe salamu zangu." Ramani ikang'olewa, kompyuta zikaja, nikafundisha vijana, nikawa mpangaji mkuu, na sasa nimekaa kwangu Cheyo, hapahapa Tabora, na magoti yangu.

Watu huniuliza kama sichoki kuisimulia safari moja baina ya nyingi. Sichoki. Kila nikiiwaza nywele zinasisimka. Nimejifunza kwamba kupanga safari ni kujua kitu gani kitakungoja na kitu gani ni lazima ukingojee wewe.

Lakini sijawaambia habari ya Kwihara. Mtoto alizaliwa wa kiume, nami nikaalikwa kwenye kupewa jina. Ua ulijaa majirani ambao hawakusafiri nasi. Bibi Nyamizi akamwinua mtoto, akasema, "Huyu ni Mihambo." Minong'ono ikapita. Akawaeleza yote aliyoyaona, maji yalivyoinuka yakaenda, vyombo vilivyolala ubavu, na jinsi maji yalivyorudi yenyewe.

Alipomaliza, jirani mmoja mzee, rika lake, akajipiga kiganja gotini. "Nyamizi, na wewe umeanza! Maji yaende wapi?" Ua mzima ukaangua kicheko, wengine wakashikilia mbavu.

Mzee Maganga akainuka kumjibu. Dada yake akamvuta shati akamkalisha. Akasubiri kicheko kipungue, kisha akamwinamia mtoto, akamwita kama aitwavyo aliyerithi jina la babu.

"Babu," akamwambia, "sasa tuko wawili."