Usukani wa Pili

Kila walipopaa juu ya mashamba ya ulezi ya Sumbawanga, mwalimu wa urubani aliisukuma mikono yake chini ya mapaja na kuikalia, usukani wa pili ukicheza mbele yake bila kuguswa. "Taratibu, binti. Ndege haina haraka," alisema kwa sauti kavu. Kadeti Avelina, mwenyewe akilowa jasho, alidhani mzee anasikia baridi ya Ufipa. Hadi siku aliyoambiwa, "Leo nenda peke yako." Mwalimu akashuka, akaufunga mkanda juu ya kiti chake kitupu, akaondoka bila kugeuka. Avelina aliuzunguka uwanja roho mkononi, akatua kwa kudunda mara mbili. Jua la adhuhuri lilikuwa linachoma. Kando ya njia ya kurukia, mwalimu alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameikalia mikono yote miwili.