Alama ya Chaki kwenye Kiti cha Mke Bora

Kambini alijulikana kama Mke Bora, na ni mwanaume mwenye ndevu za kutosha, kwa hiyo tuanzie hapo tusije tukachanganyana mbele ya safari.

Ilikuwa siku ya familia, zamani, mke wake akiwa bado koplo mbichi. Maaskari walishavutana kamba, watoto walishaanguka na magunia, halafu mtangazaji akashika kipaza sauti: "Sasa wake wote wa maaskari, mstari mmoja." Yeye alikuwa kasimama pembeni na soda yake, anacheka kama watu wengine. Mtangazaji akamwona.

"Na wewe pale, mume wa koplo. Si umeolewa na jeshi kama hawa? Weka soda chini, ingia mstarini."

Uwanja mzima ukacheka. Angekataa, wangesema ana kisirani, basi akaingia. Shindano lilikuwa kutembea na ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Sasa, huyu bwana ndiye aliyekuwa anachota maji ya nyumba yao kila asubuhi, mkewe akiwa gwarideni. Shingo ilishaiva. Aliwaacha wake za watu kule nyuma wanalowa, yeye akafika na ndoo kavu nje, imejaa ndani, hata jasho hana. Tatizo ni kwamba zawadi ilishanunuliwa kabla: aproni ya maua, kifuani imedariziwa MKE BORA kwa uzi mwekundu.

Angeifungia kabatini, jina lingekufa lenyewe. Lakini yeye ni kinyozi, na ile aproni ilikuwa ya kitambaa kizuri, nywele hazing'ang'anii. Akawa anaivaa kazini. Basi, kwisha habari yake. Ikawa "napita kwa Mke Bora kupunguza kidogo." Hata kamanda wa kikosi, mtu asiyecheka na mtu, alikuwa anakaa kwenye kiti na kusema, "Mke Bora, pembeni weka fupi."

Na kiti chenyewe kilikuwa kiti kweli. Cha chuma, kizito kama dhambi, kina kanyagio la kukipandisha na ngozi nyeusi iliyoshonwa upya mara kadhaa. Alirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Kila mkewe alipopata uhamisho, kiti kilipanda lori la jeshi kabla ya kitanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga, kwa kamba yake, kwa fundo lake, na askari wa kubeba mizigo walishajua: hapo usiguse, hapo ni pa Mke Bora.

Uhamisho ulikuwa unaingia nyumbani kama mvua. Afande (hata mumewe humwita hivyo, na mimi nani nimwite vingine) alikuwa anafika jioni, anavua buti mlangoni, anasema, "Barua imetoka." Ndiyo mjadala wote huo. Mume anafunga duka ambalo wateja ndio kwanza wanalizoea. Amenyolea watu kwenye kibanda cha mabati, kwenye kibaraza cha duka la misumari, kwenye chumba kilichokuwa ghala la viazi mpaka wateja wakatoka wananukia viazi. Kuna mji mmoja alifika mahali pazuri: foleni mwisho wa wiki, vioo viwili, na fundi wa kuchora bango. Fundi alikuwa amefika KINYO, anakung'uta brashi aendelee, barua ikatoka. Lile bango anatembea nalo mpaka leo. KINYO. Watoto wao wawili wamekua wakidhani ndilo jina la biashara.

Na hakulalamika, sikilizeni vizuri. Alikuwa anajiambia kitu kimoja tu: siku atakapostaafu, tutakaa mahali pamoja.

Afande akastaafu. Akarudisha sare, akapewa saa ya ukutani na picha ya pamoja. Mume akatoboa ukuta wa chumba cha mbele, akaweka mlango wa barabarani, akakiweka kiti dirishani pale jua la asubuhi linapoingia. Wateja wakaanza. Mzee mmoja wa jirani akawa anakuja hata bila nywele za kunyoa, anakaa tu.

Jioni moja wanakula, Afande akasema, "Tunahamia nje."

"Nje wapi? Uani?"

"Nje ya nchi, bwana. Kule nilikokwenda kulinda amani. Yule nesi rafiki yangu amepata nyumba ya kupanga karibu na kwake. Hali ya hewa nzuri, magoti yangu kule hayakuniuma hata siku moja. Nimeshamwambia atushikie."

Mume akatafuna mpaka akamaliza. Mji wenyewe alikuwa ameuona kwenye picha za simu tu: ziwa, mti, Afande na kofia ya bluu. Akasubiri lile swali ambalo lazima lingefuata, la wewe unaonaje. Likafuata jingine.

"Mbona huli mboga?"

Wiki ile ile wakaenda ofisi ya vibali. Nyuma ya kioo alikuwa kijana wa tai, mpole, sauti ya kubembeleza. Akampita Afande kwa macho, akatua kwa mume.

"Karibu, mzee. Hongera kwa kulitumikia taifa. Ulikuwa kikosi gani?"

"Kikosi cha kufunga mizigo."

"Aisee. Na mama alikuwa anakusubiri nyumbani miaka yote hiyo."

Ukimjua Afande, hapo unatafuta pa kujificha. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo. "Kijana. Askari ni mimi. Soma tena ulichoandikiwa." Kijana akasoma, akalegeza tai, akaomba radhi kwa lugha zote anazozijua. Afande hakuzipokea. Na kusema kweli alikuwa na haki, maana hayo ndiyo maisha yake yote: anafika mahali na cheo chake, watu wanampigia saluti mwanaume aliyembebea begi.

Kijana akajirekebisha. "Sawa, Afande. Na huyu bwana, huko atakuwa anafanya nini?"

Mume akafungua mdomo. Afande akamtangulia.

"Huyu? Yeye ataambatana na mimi tu."

"Basi tunamweka kama mtegemezi."

"Mweke."

Mweke. Kama sanduku. Mume alifunga mdomo wake uliokuwa bado wazi. Dakika moja nyuma mkewe alikuwa tayari kuvunja kioo kwa sababu mtu hakumuuliza yeye ni nani. Njia nzima ya kurudi Afande alimlaumu kijana wa tai. "Unaona dharau ile? Mtu haulizi, anajiamulia tu." Mume akasema, "Naona." Alikuwa anaona sana.

Sasa ndipo ikaja chaki.

Afande ana utaratibu wake wa jeshini wa kupanga mizigo. Duara maana yake kinakwenda, msalaba maana yake kinabaki. Asubuhi moja alizunguka nyumba na kipande cha chaki, anapiga alama kama anakagua silaha. Kabati, msalaba. Redio, duara. Saa ya ukutani, duara kubwa. Mume alikuwa ametoka kununua wembe. Aliporudi, alifungua mlango wa barabarani na kukuta kwenye ngozi nyeusi ya kiti, pale mteja anapoegemea mgongo, msalaba mweupe.

Aliuweka wembe mezani. Aliichukua ile chaki juu ya meza, akavaa aproni yake ya maua, akajichora msalaba kifuani juu ya neno MKE BORA. Akakaa kwenye kiti, akakanyaga kanyagio mpaka kikafika juu kabisa.

Kumbe Afande alishakitafutia kiti mwenyewe mpya. Kinyozi wa mtaa wa pili akafika na mkokoteni, anafuta jasho, akamkuta mwenzake ameketi huko juu kama sanamu.

"Mke Bora, vipi. Afande kaniambia nije nibebe kiti."

"Beba."

"Si umekaa juu yake."

"Tumepigwa alama moja. Tunakwenda pamoja."

Kinyozi wa mtaa wa pili akaangalia msalaba, akaangalia mkokoteni wake. "Kwangu una kazi, lakini kwa mke wangu nitakutambulishaje?"

"Sema mtegemezi."

Afande akatoka ndani na vyombo vimefungwa magazeti. Kuona ile hali, sauti ya gwaride ikamtoka kabla hajafikiri. "Shuka hapo. Acha utoto, watu wana kazi."

"Sishuki. Mimi nabaki. Umeniandika mwenyewe."

"Nimeandika kiti. Kusafirisha kile chuma ni wazimu, bwana, huko vipo vya kisasa, vyepesi. Nitakununulia."

"Umeniuliza?"

"Nikuulize kuhusu kiti?"

"Kuhusu kiti. Kuhusu nyumba. Kuhusu huko unakonipeleka na ziwa lako. Miaka yote hii, umewahi kuniuliza kitu, hata kimoja?"

Kinyozi wa mtaa wa pili akaanza kurudisha mkokoteni kinyumenyume. Afande akamwambia simama, mume akamwambia nenda, maskini akasimama katikati ya barabara.

"Na mimi aliniuliza nani?" Afande akasema. "Barua ilikuwa inatoka, nakwenda. Unadhani nilipenda kuvunja nyumba kila mara? Nilikuwa natii."

"Wewe ulitii kwa sababu ulikula kiapo. Mimi nilikula kiapo gani? Nilikupenda, basi. Nikafunga maduka kwa ajili ya barua ambazo hata jina langu hazikuwa nalo. Nikasema akistaafu tutaongea kama watu. Sasa umestaafu, jeshi halipo, barua umejiandikia mwenyewe, na bado mimi ni mzigo. Mpaka kiti changu kina msalaba. Yule kijana wa tai ulitaka kumla nyama kwa kosa la dakika moja. Mimi nimle nani?"

Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ndiyo ilimmaliza Afande. Mtu anayefoka angemweza, kafundisha kuruti wangapi. Akaweka vyombo chini. Akakaa kwenye benchi la wateja, lile la kusubiria zamu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulikalia.

Halafu akasema, "Basi tuhame wote, na kiti."

"Hiyo ni amri."

"Tafadhali tuhame."

"Amri yenye adabu."

Afande akavuta pumzi. Ungemwona usingeamini ni yule aliyekuwa akipita, kuruti roho zinakuwa mkononi. "Wewe... unataka kwenda?"

Na hapo, wajameni, ndipo bwana mkubwa alipokwama. Alikuwa amejiandaa kwa vita vyote isipokuwa swali. Akaangalia nje dirishani, akaangalia bango lake la KINYO ukutani. Kumbe hajui. Hasira alikuwa nayo tayari, jibu hakuwa nalo.

"Huko wanaume wananyolea wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Umekaa mwaka mzima."

"Mimi nilikuwa nasuka, sinyoi."

"Wanapenda maneno kwenye kiti, au ni wale wa kukaa kimya? Asubuhi jua linaingia upande gani wa ile nyumba? Kuna chumba kinachotazama barabara?"

Hayo Afande hakuyatazama hata siku moja. Yeye aliyeweza kukuchorea mji mzima: vizuizi, visima, njia za kutorokea. Akajilamba kidole gumba, akasogea kwenye kiti, akaanza kuufuta ule msalaba kwenye ngozi, nyuma ya bega la mumewe. Alipofika kwenye ule wa kifuani, mume akamshika mkono.

"Huu uache. Huu nitaufuta mwenyewe nikishajua."

"Utajuaje?"

"Nitakwenda kupaona. Mimi kwanza, peke yangu, na kibali cha kutembelea. Nitakaa kwa nesi wako, nitazunguka, nitaingia kila kinyozi wa mji ule wanikate nywele mpaka ziishe. Nikipapenda, nitakwambia. Nisipopapenda, nitakwambia vilevile, na utanisikia."

"Na mimi?"

"Wewe unabaki. Lindeni nyumba, wewe na kiti. Ikitoka habari, utafunga mizigo."

Afande akafungua mdomo kama mumewe alivyofungua pale kwenye kioo, akaufunga. Huko barabarani yule jamaa wa mkokoteni akauliza kwa upole kama anaweza kwenda zake sasa. Wakamjibu wote wawili kwa pamoja: "Nenda."

Bwana ameondoka juzi. Kwenye begi aliweka mashine, mikasi, na ile aproni, msalaba haujafutwa. Kabla hajaondoka alimkalisha Afande chini na kamba, akamfundisha lile fundo la kiti. Afande amelifunga na kulifungua mpaka vidole vimeota malengelenge, na kila likimshinda analaani kwa lugha ya kambini, mtaa mzima unasikia. Simu ikiita anaruka. Mpaka sasa mumewe ametuma picha moja tu: dirisha linalotazama barabara, na jua la asubuhi limeingia. Hakuandika neno.

Sasa nyie mnaosoma. Najua kwenu pia yupo mtu ambaye kila mkihama anashtukia tu amefungwa na magodoro, hakuna aliyemuuliza. Baba, mama, au ni wewe mwenyewe na bango lako lililoishia njiani. Tuandikieni hapo chini. Na kama aliwahi kupigwa msalaba wa chaki, tuambieni aliufuta nani.