Meza Niliyoizindika

Nakumbuka siku zile, mwanangu, nilivyotembea kwa majivuno njia nzima, maana nilinuka dawa kuanzia kanga hadi kucha. Ilikuwa miaka ile watu wakianza kumiminika Geita kufuata dhahabu. Nilikuwa msichana mwenye nguvu, nimeajiriwa kufanya usafi kwenye zahanati ndogo upande wa Didia.

Zahanati ilikuwa na meza moja ya mbao ya kulaza wagonjwa. Dresa wetu, yaani mfunga vidonda, Bwana Athumani, mtu wa pwani asiye na mzaha, alinipa sabuni, brashi na chupa ya dawa nyeusi ya kuua vijidudu, inayogeuka nyeupe ikitiwa majini. Sabuni na brashi niliviona vya kujichosha bure. Dawa ndiyo niliyoiamini! Kwetu nilizoea kumwona mganga akizindika kaya: anachovya majani, ananyunyiza mlangoni, basi, ubaya haupiti. Nami nikawa nanyunyiza meza vivyo hivyo, harufu inapanda, naridhika. Mjinga mimi.

Asubuhi moja alilazwa pale mzee mwenye donda ndugu, linatoka usaha. Alipoondoka nikanyunyiza. Akafuata Shija, mchimbaji aliyekuwa njiani kurudi Geita, amejikata kidogo mguuni kwa jembe. Akafungwa bendeji, akaenda zake kwa ndugu aliofikia. Siku ya nne wakamrudisha kwa machela, mguu umevimba, anaweweseka kwa homa.

"Nkwimba, siku ile meza uliiosha?" Bwana Athumani akaniuliza.

"Niliitia dawa, Bwana."

Akachukua njiti, akakwangua ufa wa meza, akanisogezea puani. Usaha mkavu.

"Umeizindika, hukuiosha. Dawa itafanya nini juu ya uchafu?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutamani ardhi inimeze. Lakini aliyenimaliza ni Shija. Homa ilipompa nafasi kidogo, akang'ang'ania machela, hataki kulazwa pale mezani.

"Dada, osha kwanza. Nataka nione."

Nikaosha mbele yake. Maji ya moto, sabuni, brashi mpaka ndani ya nyufa. Nikasuuza. Ndipo nikapaka dawa na kuiacha ilowe, sikuifuta haraka haraka. Nililia huku nasugua, na hakuna aliyenibembeleza. Vizuri tu.

Shija alipona, ila mguu haukukunjika tena. Machimboni hakurudi.

Sasa wewe kesho unaanza uuguzi, na najua vijana mnavyopenda njia ya mkato. Usiidanganye pua yako. Toa uchafu kwanza, kisha dawa, kisha uipe muda wake. Kila mgonjwa akishuka, anza upya, hata mgongo ukikuuma, hata walio nje wakikutukana kwa kuchelewa. Uvivu wako hautakuuma wewe, utamuuma aliyelala pale akikuamini.

Mungu aipe mikono yako nguvu, mwanangu, na kila anayeingia kwako kwa miguu yake atoke kwa miguu yake.