Picha Mbili za Paja Langu

Kanisani kwetu, huku juu ya Kikatiti, watu husimama Injili inaposomwa. Mimi nikaanza kubaki nimekaa. Haukupita muda mke wangu akarudi na habari kutoka kwa akina mama wenzake: inasemekana nimekosana na mchungaji.

Ukweli ni kwamba mapaja yalikataa kuninyanyua. Hospitalini mjini walipima damu, daktari akasema kinga ya mwili wangu imegeuka na kushambulia misuli. Dawa ipo, alisema, ila msuli uliokwisha kuwa mafuta haurudi. Picha ya MRI ndiyo ingeonyesha nimebakiwa na nini.

Nikavua saa na mkanda, nikaingizwa kwenye tundu la mtambo. Uligonga kuliko mashine yetu ya kumenya kahawa. Nikawa naimba tenzi moyoni, na kila nikifika kwenye kiitikio mtambo unabadilisha mdundo.

Baadaye daktari, binti wa rika la kitinda mimba wangu, alitugeuzia kompyuta, mimi na mke wangu. Paja langu lilionekana kama limekatwa kwa kisu cha buchani: mfupa katikati, misuli imeuzunguka kwa mafungu. Nimechinja mbuzi wengi, wala sikuwahi kufikiri kwamba nami nimepangwa vivyo hivyo.

"Haya meupe ni nini, mwanangu?"

"Katika picha hii, baba, ni mafuta. Sasa tazama ya pili. Hapa mafuta tumeyazima, kinachong'aa ni uvimbe. Huo msuli ni mgonjwa, lakini upo."

Nikasogeza kiti. Picha ya kwanza ilikuwa na weupe kidogo tu nyuma ya paja. Ya pili iling'aa mbele yote.

"Kwa hiyo nyama bado ipo," mke wangu akasema.

"Ipo, mama."

"Afadhali. Nilidhani nalisha mifupa."

Nilimshukuru Mungu palepale, kisha nikaomba nionyeshwe tena ile ya pili.

Dawa na mazoezi vilichukua miezi. Jumapili moja Injili ilipotangazwa, nilishika benchi la mbele nikajisukuma. Nilikuwa wima kabla msomaji hajamaliza mstari wa kwanza.

Mzee mwenzangu wa kanisa, aliyesimama kando yangu, akaniinamia sikioni.

"Heri mmepatana na mchungaji," akanong'ona.