Mgongo wa Ruksa

Mimi punda siwapendi, niseme mapema. Nilikuwa nauza uji Igogo, chini ya mawe, pale ufukweni wabeba maji walipokuwa wakijaza madumu, na haikupita asubuhi bila punda mmoja kupitisha mkia wake juu ya sufuria yangu. Lakini Dorcas Apiyo nilimfahamu vizuri. Alikuwa mteja wangu, na mtu mwenye mdomo kama ule huwezi kukaa naye mwaka mzima ukasema humjui.

Alikuja Mwanza kutoka Shirati akiwa mjane. Kazi yake ilikuwa kupandisha maji kwenye nyumba za juu ya mawe, kule ambako bomba lilikuwa pambo tu. Punda wake jike alizaliwa kipindi kile wafanyabiashara walipofunguliwa milango na mitumba ikajaa mjini. Kila kona watu walikuwa wakisema ruksa, ruksa, basi naye akamwita Ruksa. Tulicheka sana, maana mnyama mwenyewe hakuwa na ruksa ya lolote, kutwa madumu mgongoni.

Sasa, wengi wa wenye punda pale walikuwa Wasukuma, watu wa ng'ombe tangu kwa babu zao. Mtu wa ng'ombe humtazama mnyama nundu na tumbo, akiona vimejaa anaridhika. Punda hana nundu, na tumbo lake hata akila majani makavu na magazeti niliyofungia maandazi, linavimba tu. Hapo ndipo walipokuwa wakikosea. Dorcas yeye hakutazama. Alifumba macho, akasimamisha mkono kwa ubavu wa kiganja nyuma kidogo ya mabega ya punda, kando ya uti wa mgongo, akaushusha polepole mpaka kiunoni, kisha upande wa pili. Mgongo wenye nyama unausukuma mkono. Mgongo uliokwisha, mkono unazama kati ya uti na mbavu kama kwenye mfereji. Upande mmoja ukizama kuliko mwingine, alikuambia mzigo wako unalalia wapi. Watu wakawa wanamwita kabla ya kununua punda, ingawa lugha ya kubembeleza hakuwa nayo hata kidogo.

Siku moja Maige, mbeba maji mwenzake, alimwita ampime punda wake dume mbele ya kijiwe kizima, kwa kujigamba tu. "Ona tumbo hilo," akasema. "Huyu si punda, ni trekta."

Dorcas alipitisha mkono mara moja. "Tumbo halibebi maji, Maige. Huyu amekwisha mgongo. Kuanzia kesho usimtwike kitu."

Kijiwe kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, nikamwaga uji. Maige aliona aibu, aibu ikageuka hasira. "We mwanamke, nani kakufanya daktari wa masikio marefu?" Akaendelea kumtwika, mpaka yule dume akalala njiani kwenye mawe, asiinuke tena. Maige alinunua mwingine, ila hakumsalimia Dorcas tena. Akiwa na neno kwake analipitishia kwangu: "Mwambie huyo mwanamke wenu atoe punda wake njiani." Na Dorcas yupo hapo hapo, anakunywa uji. Upuuzi mtupu!

Miaka ikaenda. Mashirika ya umma yakauzwa, watu waliopunguzwa kazini nao wakashika madumu, maji yakawa kazi ya kugombania. Dorcas akazidi kupanda na kushuka. Mimi niliyekaa pale kutwa nikaona jambo: mkono wake ulipima punda wa kila mtu, ila wa kwake haukumgusa. Alikuwa akimtandika magunia huku anaangalia ziwani. Na magunia yenyewe yakaongezeka, jingine juu ya jingine, eti baridi. Baridi gani, Mwanza?

Nikashindwa kuvumilia. "Dorcas, Ruksa umempima lini?"

"Huyu namjua."

"Wa watu unawasema mbele ya kijiwe, wa kwako unamfunika magunia?"

Akaweka bakuli chini, uji haujaisha, akaenda zake. Alininunia muda mrefu. Nilijilaumu, lakini si sana, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli.

Kisha asubuhi moja alikuja na Ruksa, akafungua matandiko yote, akayatupa chini, akaenda moja kwa moja kwa Maige.

"Njoo umpime. Mimi kila nikimgusa nyumbani, mkono unaniambia ninachotaka kusikia."

Maige akageuka. "Kwa nini mimi?" Ndilo neno la kwanza alilomwambia uso kwa uso tangu dume lake life.

"Kwa sababu hunipendi, hutanionea huruma. Huyu ndiye anayenilisha, Maige. Akiwa amekwisha, na mimi sina kazi. Basi niambie kama nilivyokuambia wewe."

Jamani, nilijua sasa Dorcas atakiona cha moto, na moyo uliniuma. Maige akasogea. Akafumba macho vile vile kama alivyokuwa akifanya Dorcas, akasimamisha mkono nyuma ya mabega. Nilikuwa nimesimama upande wa pili. Nikaona vidole vyake vikizama mpaka sivioni. Akaushusha mkono hadi kiunoni. Akazunguka, akarudia upande wangu, taratibu, ukazama vile vile. Ruksa alikuwa ametulia tu, anatafuna.

Maige akainama, akaokota yale magunia, akayakunja moja moja, akayaweka kwapani.

"Dada Dorcas," akasema kwa sauti ya chini, "kaa kwanza, unywe uji. Maji yako ya leo nitayapandisha mimi."

Dorcas akamtazama.

"Maige," akasema, "ungenitukana tu."